Mstari Juu ya Jina la Bawabu

Muuza mkaa ndiye aliyeanza. Alisema pale bombani, ndoo yake ikifurika na yeye hana habari nayo, kwamba fundi cherehani wa barazani siku hizi anaandika watu daftarini.

"Anaandika watu vipi?" akauliza binti wa chumba cha mwisho, mtoto mgongoni.

"Jina, urefu, kiuno, mpaka upana wa mabega. Mimi urefu wangu uandikwe siku nikifa! Halafu akishamaliza na wewe, anakupiga mstari. Bawabu wa shule kapigwa mstari, wiki haijaisha tumemzika. Nasema tu, mdogo wangu. Mdomo wangu haumo."

"Mdomo wako ndio umo wote, dada," akadakia mwingine, watu wakacheka. Lakini binti aliona kicheko chenyewe kimeishia kwenye meno. Kila mmoja alikuwa akijikumbusha kimyakimya ni lini alishonewa nguo.

Yeye hakucheka. Wazo la daftari lile lilitoka kwake.

Alipohamia pale akiwa mjamzito, fundi alikuwa bado anapima watu kwa macho. Mteja akisimama mbele yake, anamtazama mara moja kutoka begani hadi kisiginoni, anasema "haya, nenda", na nguo inakaa mwilini kama imezaliwa nayo. Kisha mambo yakaanza kumponyoka. Utepe wa kupimia anautafuta nao uko shingoni. Chai anaitia chumvi. Siku moja alimkabidhi bibi harusi gauni lenye mikono miwili ya kushoto. Yule bibi harusi hakutukana, alilia tu. Fundi akaingia ndani akafunga mlango, watu wakasema kiburi kimemzidi. Binti peke yake ndiye aliyemsikia nyuma ya mlango, akijisemesha kama mtu anayemkemea mtoto: "Una nini wewe? Hebu sema, una nini?"

Binti mwenyewe shule yake iliishia darasa la saba. Ila alikuwa na daftari, lile la bei ya chini kuliko yote dukani, ambamo aliandika homa ya mtoto, dawa, siku ya kliniki, nguo za kufua. Mchana mmoja akalipeleka barazani.

"Mama, jioni andika mambo ya kesho. Ukimaliza jambo, lipige mstari. Lisiloisha usiliache nyuma, lihamishie kesho kwa mkono wako mwenyewe."

"Na nikilihamisha kila siku?"

"Basi ujue hulitaki."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Nyie watoto mna maneno! Haya, nenda ukaninunulie na mimi."

Daftari likamshika mkono. Mbele ya kila karatasi aliandika nguo za watu, mgongoni mwa karatasi hiyohiyo akaandika mambo yake: dawa ya presha asubuhi, zima jiko, Jumapili mpigie mwanao simu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, unaopanda kilima. Nguo zikaanza kutoka kwa wakati, mikono miwili ya pande mbili. Waliomkimbia wakarudi. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama akaahidi kumpa sare za kikundi kizima, na mwenye nyumba, aliyekuwa ameshaanza kuulizia lini ile mashine itaondoka barazani, akaacha kuulizia. Bila zile sare fundi hakuwa na pa kukaa. Hilo alilijua yeye, na binti alilijua.

Ndipo bawabu akafa. Alikuwa mgonjwa siku nyingi. Suruali yake ililetwa kwa fundi kupunguzwa kiuno kwa sababu mwenyewe alikuwa akiyeyuka. Fundi aliimaliza, akampa, akapiga mstari juu ya jina lake kama alivyompigia kila mtu. Muuza mkaa akaenda kuulizia blauzi yake, akakuta daftari liko wazi kando ya mashine.

Baada ya maneno ya bombani, watu wakaanza kuja. Hawakuja na kelele. Walikuja na adabu zao zote, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Shikamoo, mama. Naomba karatasi yangu," akasema mama mmoja.

"Marahaba. Karatasi ipi?"

"Yenye jina langu. Kwani... nimekatwa?"

"Umekatwa ndiyo. Gauni si ulichukua?"

Yule mama akajishika kifua, akakaa chini palepale kwenye ngazi.

"Jamani," binti akasema, "mstari maana yake kazi imekwisha. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Muuza mkaa, aliyekuwa miongoni mwao, akamgeukia taratibu. "Kumbe mko wawili."

Watu wakasogea nyuma kidogo. Macho yao hayakumtazama binti, yalimtazama mtoto aliyelala mgongoni. Mkono wake ukaenda wenyewe kwa mtoto. Akanyamaza.

Fundi akachana karatasi ya kwanza, akaitoa. Akachana ya pili. Daftari la bei ndogo limebanwa kwa pini mbili tu katikati. Ukichana karatasi ya mbele, mwenzake wa nyuma analegea. Wakati yule wa mwisho wao anaondoka, na alama nyeusi za vidole vya mkaa zimebaki kwenye jalada, dawa ya presha ilikuwa imeondoka na mama mmoja, simu ya Jumapili na mwingine, na karatasi zilizobaki zinadondoka zenyewe sakafuni. Alasiri mwenyekiti akatuma ujumbe kwamba sare zimepata fundi mwingine. Mwenye nyumba akapita, akaitazama mashine, akapita tena.

Jua lilipopungua, binti akaenda barazani kuokota karatasi. Fundi alikuwa na kalamu mkononi na jalada tupu mapajani.

"Nisamehe, mama. Nilinyamaza."

"Ungefanyaje na mtoto mgongoni? Kaa." Akaigeuzageuza kalamu. "Nataka kuandika ya kesho. Nikiandika walichonitenda, asubuhi nitakisoma, kitaniuma upya kama leo. Na kesho kutwa tena."

"Basi usikiandike."

"Nisipoandika nitasahau, mwanangu. Najijua. Nitaamka, nitafuta mashine vumbi, nitakaa hapa niwasubiri. Nikichoka kusubiri nitakuja kukugongea, nikuulize mbona watu hawaji."

Mtoto akaanza kulia, binti akamhamishia mbele, akamnyonyesha.

Fundi akaweka kalamu chini, akaushika mguu mdogo wa mtoto.

"Nikikuuliza, nidanganye. Sema kuna mvua huko watokako, sema wamesafiri, sema lolote. Hili usiniambie. Na kila nikija, nijibu kama vile sijawahi kukuuliza."