Kiko Kilichorudi na Majivu

Asubuhi walipokuja kuandikisha mgambo wa kwenda vitani, tulikuwa tunapiga maharage kwenye uwanja wa Mzee Gwandu, kule Sigino. Mwanawe Bura alisimama upande mmoja wa lundo na fimbo yake, mimi upande wa pili, tukipokezana mapigo. Mdogo wake, Pasklina, alikuwa anapepeta. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kazi sikuwa nimepata. Bura hakuchoka kunikumbusha.

"Piga, Msomi. Maharage hayajui Kiingereza."

Mzee Gwandu alikaa kwenye kigoda karibu na zizi, kiko chake cha udongo mdomoni. Tumbaku aliilima mwenyewe nyuma ya zizi, penye mbolea nyingi, akaisokota kama kamba na kuikausha juu ya moshi wa jiko. Ilikuwa kali. Majirani watu wazima walioomba kuonja walikohoa mpaka wakashika miti, naye akawacheka bila kutoa kiko mdomoni.

Boma lile lilikuwa na desturi moja isiyochezewa. Mtoto wa kiume hakuvuta mpaka baba yake amwashie kiko kwa mkono wake mwenyewe. Aliyejiwashia wakati baba yu hai, alihesabiwa kuwa amemzika.

Siku ya kuondoka, Mzee alikifuta kiko kwa upindo wa shuka yake, akampa Bura pamoja na kipande cha tumbaku.

"Kitunze, usikivute," alisema. "Ukirudi nitakuwashia."

Bura alikipokea kwa mikono miwili. Kisha Mzee akanigeukia mimi. "Wewe umesoma. Mwangalie mwenzako."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Miezi iliyofuata sitaieleza yote. Tulifunzwa, tukapakiwa kwenye malori, tukavuka mto Kagera. Tulitembea sana. Nilijifunza kulala nikiwa nimesimama. Bura alikibeba kiko kwenye mfuko wa kifuani, kimefungwa kwenye soksi, na askari wenzetu walimtania kwamba amebeba hirizi ya Kimbulu. Alicheka pamoja nao, lakini hakukitoa.

Kisha tukanaswa.

Tulikuwa watu tisa kwenye handaki fupi ndani ya shamba la migomba, mteremkoni. Adui alikaa ng'ambo ya bonde, na bunduki yake ya rashasha iliona kila kitu kati yetu na mfereji uliokuwa nyuma yetu. Kutoka handakini hadi mfereji zilikuwa hatua arobaini hivi. Waliojaribu kuzipita siku ya kwanza walikuwa wawili. Tuliwaona pale walipolala, kila tulipogeuza shingo.

Siku ya pili chakula kikaisha. Tulitafuna ndizi mbichi, utomvu ukatugandisha midomo. Tulijisaidia kwenye kopo. Koplo wetu, mtu mpole kutoka Singida, alisema tusubiri mvua. Mvua kubwa ikinyesha yule wa rashasha hataona, nasi tutakimbia wawili wawili. Kila mtu awe tayari wakati wowote.

Siku ya tatu mawingu yalikuja, yakapita.

Siku ya nne, asubuhi, nilimwambia Bura anipe ile tumbaku. Nilikuwa nimesikia kwamba inaua njaa.

"Hii haivutwi, Msomi. Unajua."

"Baba yako yuko Sigino. Ataonaje?"

"Mimi nitaona."

Akageuka, akaegemea ukuta wa udongo, akasinzia. Zamu ya kulinda ilikuwa yangu. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimepagawa. Niliichoka ile hofu ya kukaa mahali pamoja, nikataka kitu chochote kingine. Niliingiza vidole viwili mfukoni mwake, nikaitoa ile soksi.

Nilijifunika turubai ili moshi usionekane. Nilijaza kiko kama nilivyomwona Mzee akijaza, nikawasha kiberiti.

Nilivuta mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa kama kumeza kaa la moto. Sikukohoa, nilijibana. Mara ya pili nikasikia baridi ikipanda kutoka miguuni. Jasho likanitoka. Handaki likainama upande mmoja, likabaki hivyo. Nilitapika utomvu wa ndizi, na nilipotaka kukaa sawa niliona magoti si yangu tena.

Ndipo mvua ikaja.

"Wawili wa kwanza," Koplo akanong'ona.

Wakaenda. Wakafuata wengine. Hakuna risasi. Mvua ilipiga majani ya migomba kwa kishindo.

Bura alinivua turubai. Akanusa.

"Umevuta."

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Mara mbili."

Alinitazama, kisha akacheka. Sitasahau kwamba alicheka. "Kidato cha nne chote, mara mbili tu!"

"Nenda," nikamwambia.

"Nikamwambie nini mama yako? Panda."

Akanibeba mgongoni. Nilihesabu hatua zake. Kwenye ishirini aliteleza, akainuka. Mvua ilianza kupungua.

Tulifika.

Akanisukuma nikaanguka ndani ya mfereji. Yeye alikuwa bado amesimama ukingoni, anashusha pumzi.

Zilikuwa risasi tatu.

Vita vilipokwisha nilirudi Babati, nikaenda Sigino kwa miguu na kile kiko, kilichokuwa kimebaki mfukoni mwangu tangu handakini. Habari ya kifo ilikwishafika. Mzee Gwandu alinikaribisha kwenye kigoda, nikamwamkia, nikamkabidhi kiko kwa mikono miwili kama alivyokipokea mwanawe. Sikuwa nimekisafisha. Hilo nalo sikulifikiria.

Mzee aliingiza kidole ndani, akakitoa kikiwa cheusi.

"Nani alivuta?"

Pasklina alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wangu. Desturi niliijua. Nilijua jibu langu lingemfanya marehemu kuwa nani ndani ya boma lile. Nilitazama chini.

"Bura, baba. Kulikuwa na baridi sana."

Alikifuta kidole kwenye shuka yake. Kisha akasema, "Kumbe alinizika kabla sijafa." Akakiweka kiko chini, pembeni mwa kigoda. Msimu uliofuata hakupanda tumbaku.

Aliishi miaka mingi baada ya pale. Nilimwona kila mnada, kila msiba, nikamwamkia, akaitika marahaba. Neno lilikuwa mdomoni kila mara. Hakuna bunduki iliyonielekea, na bado sikuweza kupita zile hatua chache.

Mwezi uliopita nilikwenda Singe kwa Pasklina. Siku hizi ni Mama Neema, bibi wa watu, anatembea kwa fimbo kama mimi. Nilimweleza yote, kuanzia soksi hadi mfereji. Kuku waliparua kando ya miguu yetu.

"Baba alikataza jina la Bura lisipewe mtoto," alisema hatimaye. "Wajukuu wote wale. Hata mmoja."

"Sikujua."

"Ungejuaje, na kila ulipokuja kwetu ulikuwa unaondoka kabla ya chai?"

Niliomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alimwita mjukuu wake aondoe vikombe, akajishika kwenye fimbo, akasimama. Mlangoni akageuka.

"Na angalau ilikuwa tamu?"

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa chungu tangu mwanzo."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani.