Bunduki Tatu za Mbao Chini ya Kitanda Changu

Admini, jina langu ulifiche. Ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka sabini na mmoja. Nilifundisha darasa la sita kule Djugu mpaka shule ikachomwa, na huu ni mwaka wa saba ninaishi katika kibanda cha turubai hapa Bunia pamoja na dada yangu. Sikuja kutafuta huruma. Wale wa kuandika "pole muzee, Mungu yupo" wapite tu. Nina chuki moyoni na nataka kuieleza sawasawa.

Vijana wa kambi yetu wana kundi la maigizo. Mimi ndiye niliyewachongea bunduki, tatu, za mti wa mkaratusi. Nilizipaka weusi uleule tuliokuwa tukiupaka ubao wa shule: unga wa betri kuukuu za redio uliosagwa pamoja na majani ya muhogo. Waliziigizia miaka minne, kanisani na sokoni, na hakuna aliyeumia hata kidole.

Kisha akaja mwenye kamera. Nitamwita Trésor. Alitaka kutengeneza filamu ya amani, na yeye mwenyewe acheze mkubwa wa waasi. Dieumerci, mwana pekee wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na sita, acheze mwalimu. Trésor aliishika bunduki yangu, akaitazama ndani ya kamera, akacheka mbele ya wote.

"Muzee, hii ni ya kufukuza nyani mu shamba. Kamera inaona mbao."

"Watu wa hapa wamekimbia bunduki mara ngapi?" nikamuuliza. "Wataelewa."

"Ndiyo maana! Wanazijua. Watatucheka mpaka Mahagi."

Vijana wakacheka. Dieumerci naye alicheka kidogo, kisha akatazama chini. Trésor akasema ana jamaa yake askari, ataazima kwake ya kweli, isiyo na risasi. Mimi nikakusanya bunduki zangu, nikazitia guniani, nikaondoka. Miaka thelathini ya ualimu hakuna aliyewahi kuicheka kazi yangu nikiwa nimesimama pale.

Kesho yake asubuhi Dieumerci alikuja mlangoni kwangu. Hili sijamwambia mtu.

"Noko," akasema, kwani ndivyo alivyoniita mimi mjomba wake, "utupatie tu moja. Ile ya kweli iko muzito, na siye tunaiogopa."

"Trésor hana miguu?"

"Iko nayo, noko."

"Basi aje aombe mwenyewe."

Akasema, "Aksanti, noko," kana kwamba nimempa kitu, akaenda.

Saa nne ikalia risasi moja. Kambi nzima ilikimbia. Akina mama walibeba watoto, sufuria zikabaki motoni. Mimi peke yangu sikukimbia. Nilibaki kwenye kiti changu nikisema moyoni: ni Trésor huyo, anacheza. Kwa hasira, hata kichwa sikugeuza.

Nilielezwa baadaye. Askari alitoa kile kisanduku cha risasi, akawaonyesha wote, wote wakaridhika. Sisi watu wa hapa tunaijua bunduki kwa kuikimbia. Tunaweza kukuambia kwa sauti tu iko mlima gani. Kuishika hatujui, na hakuna aliyejua kwamba risasi moja huweza kubaki ndani. Trésor alimwelekezea kifuani, akasema maneno yake ya igizo, akavuta. Dieumerci alikuwa ameinua mikono yenye chaki.

Trésor alifungwa miezi minane, akatoka. Filamu ameimaliza na mtu mwingine, na mwanzoni ameweka picha ya Dieumerci na wimbo. Heshima, anasema. Namchukia. Namchukia kwa viatu vyake vyeupe, kwa jinsi anavyosali mstari wa mbele macho yamefumbwa, kwa kuwa hai.

Jumapili tunaondoa matanga. Wazee wa pande mbili wamepatana Trésor aje, tunawe beseni moja, tule sahani moja, na neno lifungwe. Kwetu mjomba wa marehemu ndiye anayemega kwanza. Dada yangu, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, aliniambia, "Yaya, weye ukikula naye, na mimi nitakula. Ukikatala, nitakatala mpaka kufa. Mimi sina tena akili ya kuchagua."

Nilikuwa tayari kukataa. Hata maneno nilishayapanga. Lakini Jumanne Trésor alikuja peke yake, akasimama palepale aliposimama Dieumerci.

"Muzee, mi najua asubuhi ile alikuja kwako. Alirudi akaniambia niende nikuombe."

Nikavuta turubai ya mlango nimfungie.

"Nilikatala. Nilisema sitapigia fimbo magoti." Akaizuia turubai kwa mkono. "Kwa tribinali, mbele ya hakimu, sikutaja jina yako. Na mama yake sitamwambia."

"Toka," nikamwambia. Akatoka.

Tangu siku hiyo namchukia zaidi, kwa sababu amenipa kitu nisichoweza kumrudishia. Nikila naye, tutakuwa wawili tunaojua, tukila mbele ya mama asiyejua. Nikikataa, dada yangu ataona ninamtetea mwanawe, atanishukuru, na shukrani hiyo siwezi kuipokea. Nikisema, atabaki na nani? Hana mume, hana mtoto, hana nyumba. Ana mimi tu, turubai moja kati ya kitanda chake na changu.

Jana alikuwa anafagia. Ufagio ukaligonga gunia chini ya kitanda changu.

"Yaya, hizi kuni mbona hatuzichomi?"

Nikamwambia bado ni mbichi.

Ninyi mliopotewa na mtu, kisha mkajua kwamba ndugu yenu alikuwa na mkono ndani yake: mlitaka kuambiwa, au mngependa msijue kamwe? Nijibuni kweli, hata kwa matusi. Jumapili ni keshokutwa, na dada yangu anangoja kuona mkono wangu utaenda wapi.