Breka ya Apolonia

Apolonia Kikoti alizaliwa Kilolo, kwenye baridi na mashamba ya njegere, akasomea ufundi umeme Iringa mjini. Alikuwa na miaka ishirini na sita pale Maganga, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Makongolosi, alipomwita amfungie umeme wa pampu na taa chini ya ardhi.

Alifanya kazi siku nne. Alichimbia fimbo ya shaba ardhini, akaiunganisha na jenereta, kisha juu ya duara akafunga breka inayolinganisha umeme unaoshuka na ule unaorudi. Ukirudi pungufu, basi unavujia kwenye maji au mwamba, na breka inakata kabla mtu hajapepesa jicho.

Siku ya kwanza ilikata mara tisa! Kila pampu iliposimama maji yakapanda, na kule chini vijana walikuwa wameshaona mwamba unaometameta. Makoye, msimamizi wao, Msukuma aliyeacha ng'ombe Usangu akafuata dhahabu, akamjia na plaizi mkononi.

"Dada, kiruke hiki kidude. Unga moja kwa moja, watu wafanye kazi."

"Kaka Makoye, hakijaharibika. Kuna mahali umeme unavuja. Nipe saa moja."

"Saa moja? Maji yatatufukuza!"

"Basi nipe nusu saa."

Alizima jenereta, akavaa helmeti, akashuka ngazi za miti mita arobaini. Alipima kebo kipande kwa kipande. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Cha tatu kilikuwa na kiungo cha zamani kilichozungushiwa utepe tu, nacho kimelala majini. Kebo ile alipewa na Maganga, naye akaiamini bila kuikagua.

"Kosa ni langu!" alipiga kelele kuelekea juu. "Lakini nimelipata!"

Akatoa kipande chote, akaweka kipya, akakitundika ukutani juu ya maji. Jenereta ikawashwa. Pampu ikanguruma, bomba likatapika maji ya tope, na safari hii breka ikatulia. Wachimbaji walishangilia kama wamefunga goli.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, Makoye alikuwa kwenye maji hadi kiunoni akisogeza pampu. Jiwe likameguka kutoka darini, likaangukia kebo, likaikata. Taa zikazimika.

Juu, Apolonia, aliyebaki kuangalia mitambo, aliona breka imekata. Hakuigusa, maana kuiwasha kungerudisha umeme majini. Aliinamia mdomo wa duara akaita, "Kaka Makoye! Kaka Makoye!"

Akaita tena. Ndipo tochi ikamulika toka gizani.

"Nipo, dada! Umeme umenishtua kidogo tu, kama kofi la mtoto!"

Makoye alipanda akiwa amelowa, huku anacheka na kutoa machozi pamoja. Akasimama mbele ya breka akaitazama muda mrefu.

"Na mimi nilitaka kukiruka," alisema. "Nina watoto watano, dada. Watano!"

Apolonia alikaa chini vumbini, akaanza kucheka naye.

Kufikia jioni habari ilikuwa imezagaa Makongolosi nzima. Kesho yake asubuhi wenye maduara sita walikuwa wamejipanga mlangoni kwa Apolonia, na Makoye ndiye aliyekuwa akiwaeleza, kwa sauti kubwa, jinsi breka inavyofanya kazi.