Mstari wa Mikokoni

Harufu ya uduvi uliokaukia juani haina adabu. Inaingia nyumbani bila hodi, inakaa kwenye mapazia na kwenye nywele, na ukipanda nayo basi abiria wanahama viti. Mimi nikiinusa sokoni, kwanza mate hunijaa, kisha moyo hunilipuka. Nitawaambia sababu, maana nimekaa nayo vya kutosha.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa dobi katika hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo, na shangazi yangu Mwanahawa alikuwa akitanda uduvi. Kutanda ni kazi ya wanawake. Wawili wanaishika khanga kuukuu, kila mmoja ncha zake, wanaiburura majini kiunoni, kisha wanainua; maji yanachuja, uduvi unabaki ukirukaruka. Huwezi kutanda na buibui, kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu walikuwa na mahali pao palipojificha nyuma ya mikoko. Kule walijifunga khanga kifuani, vichwa wazi, wakaimba na kutaniana maneno ambayo mpaka leo naona haya kuyaandika. Kwenye mkoko wa kwanza walitundika khanga nyekundu, na mwanamume akiiona aligeuka na njia yake, awe nani awe nani. Shangazi yangu, ambaye barabarani hukuona zaidi ya macho na viganja vyake, kule alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimpenda zaidi yule wa kule.

Mwenzake wa kushika khanga alikuwa Bi Tatu, jirani yetu, shoga yake tangu walipokuwa wakisoma chuoni kwa maalim. Rajabu, mwanawe Bi Tatu, alikuwa akitembeza wageni mjini.

Mwaka ule akaja hotelini msichana wa Kizungu, mwanafunzi, pua imembabuka kwa jua. Alitafiti wageni wanapita wapi na wapi, ili hoteli ijue pa kuwapeleka bila kuharibu ufuko. Kila mgeni alipewa kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, akivae shingoni siku tatu. Popote alipopita, kidude kilikumbuka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Watu wazima wanavishwa kengele kama mbuzi!

Bibi mmoja mgeni hakuwa na habari ya kutembea. Alishinda kando ya bwawa la kuogelea na kitabu chake. Siku moja nilikuwa namngojea mama uani. Bibi akaniita kwa kidole, akakivua kidude, akanivisha mimi, akanikonyeza. Nikajua nimepewa zawadi. Nilikificha ndani ya gauni kama hirizi, sikumwonyesha mtu. Shule zilikuwa zimefungwa, na alfajiri zote tatu nilitoka nyumbani nikamfuata shangazi mikokoni. Siku ya nne bibi akanyoosha mkono, anataka chake. Nikampa, huku machozi yananilenga.

Baada ya miezi kadhaa, mama alirudi kutoka kazini akicheka. Meneja alikuwa amewakusanya wafanyakazi na kuwatangazia kwamba itajengwa njia ya mbao. "Eti wageni wanapenda mikoko, wifi! Eti huo ndio utalii endelevu, hakatwi mti wala nini."

"Mikoko ipi?" akauliza shangazi.

Mama hakujua. Mafundi walianzia upande wa hotelini, mbali na macho yetu, nasi hatukushughulika nao.

Asubuhi yenyewe tulikuwa majini. Nilisikia viatu vikigonga mbao, kisha kicheko cha mwanamume. Wakatokeza kama kumi, wake kwa waume, kofia na kamera, na mbele yao kijana wa hoteli, mtu wa bara, mgeni kama wao. "Shikamooni mama zetu!" akaita kwa furaha. Kamera zikaanza kulia. Shangazi akajitosa mpaka shingoni, akaivuta ile khanga ya kutandia akajifunika uso, uduvi wote ukamwagika. Hakutoka mpaka walipoondoka. Maji yalikuwa ya vuguvugu lakini meno yake yaligongana, nami nilisimama kando yake, sijui nimshike wapi.

Khanga nyekundu haikuwepo mkokoni. Mama alirudi nayo jioni, mkunjo juu ya mkunjo. Yule kijana alidhani imepeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba za hoteli, akaipeleka kwa dobi, na mama alikuwa ameshaifua kabla hajaitambua.

Usiku haujaingia, wanawake wakakusanyika barazani kwetu.

"Wazungu hawakuota," alisema shangazi. "Kuna mtu kawaonyesha."

Macho yote yakamwendea Bi Tatu. Naye akamshika shangazi mkono. "Mwanahawa, wallahi sikusema. Wala Rajabu hapajui."

"Nani mwingine hapa anakula kwa wageni?"

Mama, ambaye alikula kwa wageni kila siku, akainamisha kichwa.

Toka siku ile hapana aliyekubali kushika khanga na Bi Tatu, na khanga haitandwi na mtu mmoja. Mwishowe akahamia Mkange kwa kaka zake. Alipofariki huko, mtaa wetu mzima haukwenda kumzika. Haukwenda! Watu ambao huacha chungu mekoni kwa msiba wa mtu wasiyemjua.

Mwaka jana nilikuwa chuo cha utalii, Dar. Mwalimu alitutupia ukutani ramani ya ufuko wa Bagamoyo, imejaa mistari myekundu ya nyayo za wageni. Karibu yote ilikwenda magofuni na kurudi. Mmoja tu ulichepuka mikokoni, mara tatu, na mwalimu akatusifia mgeni huyo aliyegundua kivutio kipya. Nilisimama bila kujua nimesimama. Mara zote tatu mstari ule haukuanzia hotelini. Ulianzia nyuma ya msikiti, kwenye kichochoro chetu, mlangoni kwetu.

Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza. Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Tatu aliushika huu," akasema. "Nikamnyang'anya."