Meli Isiyotaka Kwisha

Kaka yangu anaitwa Msasa, na jina hilo hakupewa na mama yetu. Alipewa na mafundi wenzake gerejini, kwa sababu viganja vyake vimesugua mabati ya magari kwa miaka thelathini, na kwa sababu maneno yake nayo yanakwaruza. Ni mpiga rangi. Mletee gari lililobonyea ubavu, atalinyoosha, atalipaka puti ya kuzibia mabonyeo, atalisugua na kulipulizia rangi, nawe mwenye gari utalizunguka ukilitafuta kovu usilione. Ukimuuliza amechanganyaje rangi mpaka ikalingana hivyo, atakujibu neno moja: "Macho."

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani namsimulia mtu asiyejua kazi. Mlango mzima wa gari unamchukua siku moja. Meli ya kivita ya plastiki, isiyozidi urefu wa mkono wangu kuanzia kiwikoni, ilimchukua miezi minane.

Ililetwa na posta, ndani ya boksi, vipande zaidi ya mia tatu vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu zake, kila kimoja na namba yake. Aliyeituma ni binti yake, baharia wa jeshi la majini katika meli kubwa ya aina hiyohiyo. Alikuwa ameweka na karatasi: "Baba, humu ndimo ninamoishi. Iunganishe, uipake rangi, nikija likizo nitaikagua."

Ujue kwamba huyo binti alikuwa fundi. Alifanya kazi gerejini kwa baba yake miaka minne baada ya shule, na jicho lake la rangi lilikuwa kali kuliko la mzee. Msasa mwenyewe alikiri, na Msasa kukiri kitu si jambo la kila mwaka. Kichwani mwake mambo yalikuwa yamekwisha: yeye akichoka, gereji ni ya binti. Binti naye akaenda kimyakimya kujiandikisha jeshini, akarudi na barua ya mkataba wa miaka mitatu. Kaka yangu akamwambia maneno ambayo mzazi hayasemi ila kwa hasira, kisha hujuta peke yake. "Ukipanda hiyo meli, usinitafute."

Mtoto alipanda. Ila kumtafuta hakuacha, alipiga simu kila Jumapili. Kaka yangu huiweka simu spika, maana kelele za kompresa ya kupulizia rangi zimemharibu masikio, kwa hiyo ua mzima tulikuwa tunasikia.

"Mzima?"

"Mzima, Baba. Na wewe?"

"Mzima. Haya, ongea na mama yako."

Simu inahamia kwa wifi. Msasa anatoka, anakaa kwenye benchi chini ya dirisha langu, maana mimi ni fundi cherehani na chumba changu cha kushonea kinatazama ua wao. Hapo, bila kuulizwa na mtu, anasema, "Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini." Siku moja nikachoka, nikamwambia, "Kaka, kumbe unamwombea mtoto avunjike guu?" Hakunisemesha siku mbili.

Alitaka binti yake arudi, hakuna kilichokuwa kinamkaa moyoni zaidi ya hicho. Ovaroli la binti lilikuwa limening'inia kwenye msumari wake gerejini, na kila mwisho wa mwezi alilishusha akalifua, nguo ambayo hakuna aliyekuwa ameivaa.

Basi boksi lilipofika aliliweka kwenye meza ya kulia, akaiunganisha meli kwa wiki mbili, kisha akafanya kosa ambalo ni mpiga rangi wa magari tu angeweza kulifanya. Aliibeba hadi gerejini, akachanganya rangi ya gari kwa tina ya gari, akapuliza. Ile tina, maji makali ya kuyeyushia rangi, haikuionea huruma plastiki. Bomba la moshi likaanza kulegea, likainama, likalala ubavu mbele ya mafundi wote. Mmoja akamuuliza kwa upole kama hiyo meli ilikuwa na bima.

Siku hiyo haikuwa Jumapili. Alikaa kwenye benchi, akapiga simu mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke.

"Nimeyeyusha bomba la moshi," akasema, hata salamu hakutoa.

Kutoka upande wa pili, kicheko. Kicheko kikamshika binti mpaka akashindwa kusema, na kaka yangu naye, baada ya kujikaza, akacheka. Nilikuwa sijawasikia wakicheka pamoja kwa miaka miwili. Nilisimamisha cherehani nisikilize vizuri, na sioni haya kusema hivyo, umbea wa ndugu yako si umbea.

"Umetumia tina ya gereji, Baba?"

"Ningetumia nini?"

"Hiyo ni plastiki. Inataka rangi ya kuchanganya na maji."

"Mimi nipake rangi ya maji, kama mtoto wa chekechea?"

"Kama mtoto wa chekechea, Baba."

Alilifinyanga bomba jipya kwa puti, akalisugua mpaka likawa sawa na la kwenye picha. Na tangu hapo simu ikawa ya kila siku ya Mungu, saa ya chakula cha mchana. Kile kibomba nyuma ya mzinga ni cha nini? Haya maboya yanafunikwa au yanaachwa wazi? Sakafu ya juu ni kijivu hikihiki au nyeusi zaidi? Binti anajibu, na katika kujibu anasimulia: mpishi wao anayeimba vibaya, dhoruba iliyomtapisha hadi nahodha, kitanda chake ambacho akigeuka anagonga bega. Msasa anasikiliza yote hayo huku ameshika kibano, anajifanya anangoja jibu la kibomba.

Meli ikienda mbali mtandao unakatika. Hapo anaandika maswali kwenye kifuniko cha boksi, kwa namba, ayatunze. Kuna safari iliyochukua wiki tatu, maswali yakafika thelathini na nne.

Ikaja zamu ya nyaya za antena, nyembamba kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Nilimpa uzi wangu mwembamba kuliko wote, akaukataa, akasema una manyoya. Alitafuta nyumba nzima, mwisho akasimama nyuma ya kiti cha wifi akizitazama nywele zake kichwani kwa makini sana.

"Miaka ishirini na sita ya ndoa hujawahi kuzisifia nywele zangu," wifi akasema bila kugeuka, "leo unazitaka za antena." Akachomoa nywele tatu akampa. Wifi alikuwa ameshapoteza meza ya kulia, nywele tatu hazikuwa kitu. Na yeye pia alikuwa anazisikiliza zile simu.

Lakini niseme habari ya kijivu, maana hapo ndipo nilipomjua kaka yangu upya. Binti alituma ndani ya bahasha kipande cha rangi kilichobanduka ubavuni mwa meli yao, kidogo kama ukucha. Msasa alikitazama juani, akakitazama kivulini, akachanganya. Nashuhudia mimi mwenyewe: aliweka tone la rangi yake juu ya kile kipande likapotea, huwezi kuliona. Akaipaka meli. Ilipokauka ikawa nyeusi kama mkaa. Aliikagua asubuhi, mchana na jioni, uso umemshuka. Nilijua anachoogopa. Alidhani ni macho yamemwisha.

"Rangi yako ni sawa kabisa, Baba," binti akamwambia kwenye simu. "Ila meli ndogo ni meli unayoiona kutoka mbali, na kitu kikiwa mbali kinapauka. Ongeza nyeupe."

"Kiasi gani?"

"Inategemea umesimama mbali kiasi gani."

Kaka yangu akauliza, "Wewe hapo ulipo, ni mbali kiasi gani?"

"Kuja nyumbani? Siku tisa, kama bahari haina hasira."

Mtu huyu maisha yake yote hajawahi kuikiuka sampuli. Wenye magari wamemsihi, wamemlipa, amekataa. Siku hiyo alikaa mezani na njiti ya kiberiti, akatia nyeupe tone kwa tone, akikoroga na kutazama. Nilimwambia, "Kaka, itakuwa meli ya maziwa hiyo." Akasema, "Bado." Akaongeza tone, akatazama dirishani mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta wangu, akaongeza lingine. Nikaondoka, maana kulikuwa na jambo usoni mwake ambalo sikupaswa kulitazama.

Mwezi wa sita wa kazi hiyo meli ilikuwa tayari. Mimi si fundi wa meli, lakini macho hayana pazia: mizinga ilikuwa mahali pake, vioo vya chumba cha nahodha vinang'aa, vyuma vya kuzuia watu wasianguke vimesimama vyembamba pembeni, na zilikuwa zimebaki nanga mbili tu. Kesho yake nikamkuta na beseni la maji ya sabuni na mswaki, anaisugua. Rangi yote inatoka.

"Kulikoni?"

"Rangi imekataa."

Rangi haikuwa imekataa kitu. Akaanza upya, na maswali yakaanza upya, yaleyale. Aliuliza habari za ngazi ya mlingoti mara ya tatu, na binti akamjibu mara ya tatu, taratibu, kama hajawahi kuulizwa. Alipokata simu nikashindwa kujizuia.

"Kuuliza si ujinga, Kaka. Lakini kuuliza unachokijua kunaitwaje?"

Nilitegemea anikwaruze. Badala yake aliinamia ile nanga iliyokuwa kwenye ncha ya kibano. "Ikiisha," akasema, "nitamuuliza nini?"

Nikabana pini mdomoni. Nilishukuru kwamba nilikuwa na pini mdomoni.

Binti alikuja mwezi wa nane, likizo ya siku nne. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili, na wote tulijua kwamba baada ya hapo ama anarudi ama anasaini tena. Msasa aliniambia, "Sitamuuliza. Akirudi, arudi mwenyewe." Alifua ovaroli, ingawa mwezi ulikuwa haujaisha.

Aliingia amepanuka mabega, anatembea kama sakafu inaweza kumhama. Alinikumbatia, "Shangazi, umenenepa," nami nikamsamehe hapohapo. Kisha akaiendea meza, akaizunguka meli mara mbili, mikono nyuma.

"Nzuri mno, Baba. Nzuri kuliko yenyewe."

"Ila?"

"Ila hii imetoka dukani. Yetu inalia kutu."

Kaka yangu alivimba. "Maisha yangu yote naondoa kutu. Leo niipake?"

Binti alicheka, akavuta kiti, akachukua brashi ya nywele mbili tatu. Alichanganya kahawia na tone la rangi ya chungwa, akagusa chini ya tundu la mnyororo wa nanga, akalishusha tone kwa kidole chenye unyevu. Ubavu wa meli ukapata mstari, na mara ile plastiki ikawa kitu ambacho kimeshinda kwenye maji ya chumvi. Aliendelea, hapa, na hapa, wala hakutazama picha. "Hapa nakwangua kila Jumatatu," akasema, "Ijumaa imesharudi. Na hapa pana mlango haufungi vizuri, umetusumbua mwaka mzima, mpumbavu huyu." Aliutukana ule mlango jinsi mama anavyomtukana mwanawe aliyechafua nguo.

Msasa hakuwa anaitazama meli. Alikuwa anatazama mkono.

"Umeshasaini," akasema.

Brashi ikasimama. "Miezi miwili iliyopita, Baba. Miaka mitano."

"Miezi miwili. Na kila siku tunaongea."

"Ulikuwa unaniuliza habari za ngazi," binti akasema, sauti imeshuka. "Nikawa najibu habari za ngazi."

Wifi alinyanyuka akaenda jikoni, ambako hakukuwa na kitu cha kufuata. Mimi nilikuwa naitazama shingo ya kaka yangu, naijua, hasira huanzia pale. Ilianza, nikaiona inapanda. Kisha ikakosa pa kwenda.

"Meli hiihii?" akauliza.

"Hapana. Wananihamishia kwenye mpya."

"Hiyo nayo ina boksi lake?"

"Haina, Baba. Ni mpya sana. Hakuna aliyeitengenezea ya plastiki."

Akatikisa kichwa polepole. Halafu akavuta kiti karibu na cha binti yake, akachukua brashi nyingine, akasema, "Nionyeshe upande huu." Walipaka kutu mchana kutwa, mabega yao yanagusana, hawasemi lolote la maana.

Aliondoka siku ya nne asubuhi. Msasa akabandika nanga zote mbili, akaiweka meli kabatini nyuma ya kioo, akamrudishia wifi meza yake. Jumatatu saa ya chakula alikaa kwenye benchi na simu mkononi, akaitazama, akairudisha mfukoni. Jumanne hivyohivyo. Kifuniko cha boksi alikuwa ameshakitupa. Nilimhurumia mpaka nikakosea kushona kola.

Jumatano alipiga.

"Baba? Kuna nini?" Sauti ya binti ilikuwa na wasiwasi, nyuma yake mashine zinanguruma. "Mama mzima?"

"Mzima."

"Meli imevunjika?"

"Haijavunjika. Iko kabatini."

"Basi vipi?"

Nilisimamisha cherehani. Kaka yangu aliisogeza simu mbali, akaitazama, akairudisha karibu na mdomo.

"Leo sina swali, mwanangu," akasema. "Nimekukumbuka tu."

Mashine ziliendelea kunguruma, nami nikasogea dirishani.

"Ngoja nitoke nje, Baba," binti akasema. "Humu ndani kuna kelele."

Na Msasa akangoja.