Njia ya kwabo katika filamu ya Noeli

Juzi nilikuwa ninamngoja mke wangu kwenye saluni moja ya Shari, hapa Bunia. Televisheni ilionyesha filamu ya Noeli, zile zinazofanana zote: binti wa mjini anarudi kwao kijijini, na lazima apate mchumba.

Mama mmoja aliyekimbia vita kijijini kwake Fataki, aliyekuwa akisukwa, akashangaa: "Anaenda kwabo bila hata chumvi na sabuni ya mama yake?"

Tukacheka. Kisha akaonyesha kwa kidole gari la yule binti kwenye televisheni. "Na njia iko wazi vile? Hata bariere moja ya watu wa bunduki hapana?"

Msusi akashika rimoti. "Mama, nibadilishe?"

"Acha! Ku radio wanasema amani iko, lakini siye hii ni Noeli ya tatu tunaila hapa Bunia. Acha nione mwenye kufika."

Mwisho tuliujua wote. Lakini hata mke wangu alipomaliza kusukwa, hatukuondoka mpaka mama wa yule binti alipofungua mlango.