Zamu za Mansoor

Mwaka 2002 soko zima la Makambako liliamini kwamba Zaitun amemfunga mumewe, yaani amemfanyia dawa ili asiweze kitu kwa mwanamke mwingine. Aliyeanza kuamini hivyo alikuwa Anifa, mke mdogo, na sababu alikuwa nayo.

Mansoor, mume wao, alikuwa msafirishaji wa viazi. Aliingia kazini serikali ilipoifungua biashara kwa watu binafsi, kwa Fuso moja, na baada ya misimu michache akawa na tatu. Kisha presha, ambayo hakuwahi kuipima, ikamla figo zote mbili. Sasa kila Jumatatu na Alhamisi alilala kwa muda wa saa nne kando ya mashine, katika hospitali ya binafsi Dar es Salaam, damu ikitolewa, ikisafishwa na kurudishwa mwilini. Ijumaa alirudi kwa basi, Jumapili alfajiri akashuka tena. Malori mawili yalikuwa yameshauzwa.

Ijumaa ilikuwa ya Zaitun, kwenye nyumba ya barabara kuu. Jumamosi ilikuwa ya Anifa, kwenye nyumba ya Kitandililo. Mansoor hakuwahi kuruka zamu ya mtu. Alifika amenyoa, ananukia, na mkate wa Dar mkononi. Alikula viazi vilivyochemshwa kwa maji mawili na maji yote kumwagwa, kama hospitali ilivyoagiza, akauliza habari za kila mtu. Halafu akageukia ukuta.

Mwili ulikuwa umemwacha kidogo kidogo, bila kuaga. Ndevu zilichelewa kuota. Nyuma ya chuchu ulitokea uvimbe laini, akaanza kuoga mlango umefungwa. Nguvu ziliondoka, na hamu nayo ikazimika. Wakati mwingine hata kuitamani hakuitamani, na hilo lilimtisha kuliko yote. Mwalimu Kornelio wa Igwachanya, mgonjwa wa kitanda cha jirani, alimwambia siku moja, huku akitazama dari, kwamba hata yeye yamemkuta, amuulize daktari. Mansoor akamjibu kwamba yeye hana tatizo hilo.

Kwa hiyo kila mke alidhani mwenzake ndiye anayekula chote. Mansoor alijua wanavyodhani, akawaacha. Uvumi ulimsitiri.

Anifa alikuwa na miaka ishirini na saba, hana mtoto. Alipeleka shauri kwa shehe, akaomba talaka. Jumamosi ya kikao, kabla ya adhuhuri, alikwenda kwanza kwa Zaitun, akamkuta barazani anachagua mchele. Mansoor alikuwa ndani akivaa kanzu.

“Dada Zaitun, sikuja kugombana. Mfungue tu. Na mimi ni mke.”

Zaitun hakuinua kichwa. “Nimfungue nini? Wewe ndiye unayemrudisha kwangu kama gunia tupu.”

“Mimi?”

“Huu ni mwezi wa nane, Anifa. Ijumaa zote. Hata mkono hanigusi.”

Anifa alikaa chini taratibu. “Na Jumamosi zote,” alisema.

Walitazamana. Zaitun akaanza kucheka, Anifa akafuata, kicheko kisicho na furaha, hadi wote wawili wakafuta macho kwa kanga. Mansoor alikuwa nyuma ya pazia. Kwa miezi minane aliogopa kicheko hicho. Mlango wa uani ulikuwa wazi, lakini alitokea barazani.

“Hakuna aliyenifunga,” alisema. “Ni figo.”

“Umejua tangu lini?” Zaitun aliuliza.

“Tangu mwanzo.”

“Na sokoni wanavyoniita mchawi, hilo nalo ulilijua?”



Anifa aliahirisha shauri, akasafiri na Mansoor hadi Dar, akaingia mwenyewe kwa daktari na kuuliza. Daktari alieleza kwamba figo zikifa huvuruga homoni, na kwamba wanaume wengi wa mashine wako hivyo. Alibadilisha dawa moja ya presha ambayo huenda ilikuwa inazidisha tatizo, akaagiza damu ipimwe. Kuhusu mtoto hakuahidi. Alikiri kwamba wagonjwa hawamuulizi jambo hilo, na yeye pia huwa hawaulizi.

Hamu ilirudi kidogo, siku moja moja. Mtoto hakuja. Baada ya Ramadhani Anifa aliomba talaka tena, safari hii kwa sauti ya chini, na Mansoor akaiandika. Zaitun ndiye aliyemsaidia kufunga mizigo.

Sokoni wakasema mke mkubwa ameshinda. Jumamosi iliyofuata, watu wakitoka kuswali alasiri, mzee Zubeiri, muuza mbao, alimtania Mansoor mbele ya wenzake: “Bwana, huyo mama ana dawa kali. Umebaki wake peke yake.”

Wakacheka. Zamani Mansoor alikuwa akitabasamu hapo.

“Zaitun hana dawa,” alisema. “Ni mimi. Tangu figo zife, siwezi.”

Zubeiri alijishughulisha na makubazi yake. Mwingine akakohoa. Mansoor alivaa viatu, akashika njia ya barabara kuu, akiharakisha kadiri pumzi ilivyomruhusu, ili Zaitun ayasikie maneno hayo kutoka kwake mwenyewe kabla ya kuyasikia kwa watu.